Tusiisingizie Mizimu

Wiki ya kwanza ya mazoezi yangu ya kazi nilipewa ufunguo wa stoo ya majalada pamoja na onyo: nisibaki humo peke yangu baada ya saa kumi na moja jioni. Aliyenionya alikuwa kijana mwenzangu aliyenitangulia ofisini kwa miezi minane. Alisema huku anacheka, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kubaki. Mfanyakazi wa usafi alifagia chumba kile asubuhi tu. Mhasibu alishikilia kwamba siku moja alisikia mtu akikohoa nyuma ya kabati, na alipochungulia hakumkuta mtu. Kila nilipouliza sababu, jibu lilikuwa lilelile: "Kwani hujui kwamba hapa palikuwa kasho?"

Kwa msomaji asiyeishi Rwanda, kasho ni chumba cha mahabusu, na neno lenyewe tumelichukua kutoka Kifaransa. Jengo letu, ambalo sitalitaja jina wala mtaa, lipo hapa Kigali. Upande wake wa nyuma ulitumika kufungia watu kabla ya kukarabatiwa na kupewa meza, kompyuta na mashine ya kahawa. Vyumba vinne vya zamani vilivunjwa kuta vikawa ukumbi mmoja wa mikutano. Cha tano kilibaki kama kilivyokuwa, kikawa stoo. Ndicho nilichofanyia kazi kwa wiki kumi, nikipanga majalada kwa miaka na kuyaandika katika daftari.

Naandika makala hii kwa sababu nimechoshwa na neno "mizimu". Nimelisikia ofisini, nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia hata kwa wanafunzi wenzangu wanaojiita wasomi, kila inapotajwa nyumba iliyowahi kuwa gereza. Hoja yangu ni kwamba mizimu tunayoisimulia katika majengo haya ni kisingizio. Tunawatwika mizimu mzigo wa historia ambayo sisi wenyewe hatutaki kuisema, na kwa kufanya hivyo tunawakosea waliofungwa, waliowafunga, waliotendewa ubaya na wale waliofungwa, na sisi wenyewe tunaofanya kazi humo leo.

Sisemi kwamba niliingia mle bila woga. Niliogopa sana. Nywele zilinisimama siku ya kwanza na ya pili na ya kumi. Lakini mtu akiogopa ana wajibu wa kuuliza anaogopa nini, na mimi nilikuwa na wiki kumi za kuuliza.

Nilianza na chumba chenyewe. Kina urefu wa hatua tano na upana wa hatua nne. Dirisha ni moja, kubwa kama daftari la shule, na liko karibu na dari, hivyo linaleta mwanga lakini huwezi kuona kitu kupitia kwake. Kuta ni nene kiasi kwamba asubuhi chumba ni baridi hata jua likiwaka nje, na alasiri hewa inakuwa nzito kwa kuwa haina pa kutokea. Sakafu ni ya saruji tupu, kwa hiyo ukiangusha kalamu mlio wake unazunguka chumba kizima. Ukanda unaoelekea mlangoni una kona, na kwa sababu ya kona hiyo unasikia nyayo za mtu muda mrefu kabla hujamwona. Mlango ni wa chuma. Una komeo upande mmoja tu, upande wa nje.

Ukiyajumlisha hayo utaona kwamba hofu yetu haikuhitaji mzimu hata mmoja. Anayejenga mahabusu anataka aliye ndani asione nje, aliye nje asione ndani, na mlinzi asikie kila kinachotikisika. Chumba kile kilijengwa makusudi ili mtu aliyemo ajione mnyonge. Rangi mpya na kabati za majalada hazijabadilisha hata tofali moja la kusudi hilo. Miili yetu inasoma jengo vizuri kuliko akili zetu, nayo ilikuwa inatwambia kila siku: hapa pamejengwa kwa ajili ya kumvunja mtu moyo.

Kikohozi cha mhasibu nilikipata wiki ya tatu. Nilisogeza kabati ili niokote jalada lililoanguka nyuma yake, nikaona tundu chini kabisa ya ukuta, linaloweza kupitisha ngumi. Nilipoinama nikasikia mtu akikohoa. Nilitoka mbio, sioni aibu kukiri. Kisha nikazunguka nyuma ya jengo, nikamkuta mzee mlinzi ameketi kwenye kigoda chake, mgongo wake umeegemea ukuta uleule, anakohoa kwa sababu ya baridi ya Kigali. Nilimweleza yaliyonipata, akacheka hadi machozi yakamtoka. Halafu akaacha kucheka, akanionyesha tundu kwa fimbo yake.

"Unajua hili lilikuwa la nini, mwanangu?" aliniuliza kwa Kiswahili chake alichojifunza Goma. "Walikuwa wanamwaga maji ndani kwa ndoo, uchafu unatokea hapa. Watu walikuwa wengi mno, hakukuwa na nafasi ya kuwatoa ili pafagiliwe."

Msomaji, jipime mwenyewe. Kipi kinatisha zaidi: kwamba kuna mzimu unaokohoa nyuma ya kabati, au kwamba binadamu walijazana katika chumba cha hatua tano kwa nne kiasi cha kuoshwa pamoja na sakafu yao? Mimi tangu siku ile niliacha kuogopa mzimu, nikaanza kuogopa lile tundu. Nadhani huo ndio woga unaofaa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili, kwa maana lugha yetu imo ndani ya kuta hizo. Chukueni neno "gereza" lenyewe. Wanaochunguza asili ya maneno wanatuambia kwamba limetokana na neno la Kireno linalomaanisha kanisa. Wareno walijenga makanisa na ngome katika pwani yetu. Pale Unguja, Waarabu wa Omani walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na ngome ile ikaja kutumika kufungia watu. Neno likafuata jengo: likatoka kwenye ibada, likapita kwenye ulinzi, likafika kwenye kifungo. Leo ngome hiyohiyo, Ngome Kongwe, inachezewa muziki wa tamasha la Sauti za Busara. Hakuna anayevunja ukuta wala kukimbia mizimu pale. Watu hununua tiketi, na anayetaka kujua historia ya jengo anaweza kuelezwa.

Neno hilohilo limeingia katika Kinyarwanda, nasi tunasema "gereza" bila kujua kwamba tunataja kanisa. Halikuingia peke yake. "Akazi" limetokana na kazi, na wakati wa Wabelgiji lilikuwa jina la kazi ya kulazimishwa. "Ikiboko" limetokana na kiboko, mjeledi wa ngozi uliowapiga babu zetu waliochelewa kwenye akazi hiyo. "Umuzamu", jina la kazi ya mzee wangu anayekohoa, limetokana na zamu. Hata "kapita", cheo cha mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake katika magereza yetu, ni neno lililosafiri na Kiswahili cha Kongo na Wabelgiji wake. Wazazi wetu wengi hapa Rwanda walikikwepa Kiswahili wakikiita lugha ya wanajeshi na wahuni, na sasa, tangu mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi, tunafundishwa kwamba ni lugha ya biashara na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yote mawili ni nusu ya habari. Kiswahili kilifika kwetu kikiwa pia lugha ya amri, ya kazi ya shuruti na ya mahabusu. Mwanafunzi anayekubali alama za mtihani wa Kiswahili lakini hataki kujua ilivyotumika lugha hiyo ni kama mwenzangu wa ofisini: anacheka mlangoni, haingii ndani.

Nitoke sasa kwenye stoo yetu ndogo, niende kwenye jengo ambalo kila mkazi wa Kigali analijua. Katikati ya jiji, Nyarugenge, Wabelgiji walijenga gereza kuu mwaka 1930, nasi hatukujisumbua kulitafutia jina lingine. Tunaliita 1930 tu. Hakuna jengo jingine hapa mjini linalobeba mwaka kama jina. Mtu husema "alifungwa 1930" na msikilizaji mgeni hudhani anataja zama za babu yake.

Kuta hizo za matofali zimemeza watu wa kila serikali. Ziliwameza watu wa wakati wa mkoloni. Mwezi Oktoba 1990, vita vilipoanza, maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, walikamatwa nchini kote wakiitwa "ibyitso", yaani washirika wa adui, na magereza yakajazwa, 1930 likiwemo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, gereza lilelile likajaa watuhumiwa wa mauaji hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa na wafungwa na mahabusu zaidi ya 100,000, idadi ambayo hakuna gereza wala mahakama yetu iliyokuwa imejengwa kuibeba. Ndiyo maana makasho ya mitaani, kama lile letu, yalijaa pia. Ndiyo maana zikaja mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi Juni 2012. Baadaye wafungwa wa 1930 walihamishiwa Mageragere, nje kidogo ya jiji, na mji ukabaki na gereza tupu katika ardhi yenye thamani kubwa kuliko karibu ardhi nyingine yoyote nchini.

Mama yangu ni manusura. Nilipokuwa mdogo niliona kwamba kila tukiwa mjini alizunguka njia ndefu ili tusipite mbele ya lango la 1930. Nilidhani anaogopa mizimu, maana watoto wenzangu walisema pale panalia watu usiku. Nilipofika sekondari nilimuuliza. Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi.

"Mizimu? Mwanangu, mle ndani kuna watu ninaowajua kwa majina."

Sijawahi kusikia jibu kali kuliko hilo. Mama hakuogopa wafu. Wafu wake aliwazika kwa heshima pale Gisozi, pamoja na zaidi ya watu 250,000 waliolazwa huko, na huenda kuwatembelea kila mwaka. Kilichomzungusha njia ni watu hai.

Nikaja kukutana na upande wa pili wa ukuta huohuo, ofisini. Kuna mama mmoja anayekaribia kustaafu, ambaye sote tunamwita Mama tu. Wakati wa chai, vijana tulipotaniana kuhusu mzimu wa stoo, yeye hakucheka wala hakukemea. Alikuwa akikoroga chai yake. Siku moja alihitaji jalada la zamani akaniomba nimsindikize. Tulipofika mlangoni alisimama. Hakuvuka kizingiti.

"Mimi nilikuwa naleta chakula hapa," alisema. "Mwaka 1996. Kaka yangu alikuwa humu. Sufuria nilimkabidhi mlinzi hapohapo uliposimama."

Wakati ule mahabusu wengi walilishwa na ndugu zao, na anayeijua miaka ile anawakumbuka wanawake wenye vikapu waliopanga foleni tangu alfajiri. Nilijikaza nikamuuliza kama kaka yake alikuwa na hatia.

"Gacaca ilimtia hatiani kwa uporaji. Wengine waliokuwa naye waliua. Wote walilala humu, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule." Kisha akaniuliza, "Na kwenu?"

Nikamwambia kwetu ni nani waliouawa. Alitikisa kichwa, akanishika bega. Tukasimama pale kwa muda, nikalichukua jalada, tukarudi mezani. Tangu siku hiyo hatujalizungumzia tena, lakini tunasalimiana kwa namna ambayo hatukusalimiana mwanzo.

Nilijiuliza: kwa miaka yote aliyofanya kazi katika jengo lile, alisikiliza mizaha mingapi ya mizimu? Ni mara ngapi alitakiwa kucheka kuhusu mahali ambapo kaka yake alilala miguuni pa wauaji? Na kama mama yangu angekuwa ndiye mfanyakazi wa ofisi ile, angeambiwa nini? Kwamba kuna mtu anakohoa nyuma ya kabati? Mzimu ni mgeni rahisi sana. Hana jina, hana kesi, hana ndugu aliyekuletea jalada asubuhi hii. Ukimsimulia yeye, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi.

Najua nitajibiwa. Nimeshajibiwa mara nyingi, kwa hiyo nitachukua majibu yale moja baada ya jingine.

Wa kwanza watasema: lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Waafrika hatudharau wafu. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini nawaomba wawaheshimu wahenga kikamilifu. Katika desturi ya Kinyarwanda, umuzimu hakuwa kitisho kisicho na jina. Alikuwa babu fulani, shangazi fulani, mwenye ukoo, na ukoo wake ulimtambikia kwa desturi ya guterekera kwa sababu ulimjua. Mzimu asiye na jina, anayekohoa ili kuchekesha watu wa chai, ni uvumbuzi wetu sisi wa mjini. Mwenye kuamini mizimu kwa dhati ana wajibu mkubwa kuliko mimi wa kuuliza: huyu ni nani, alifia humu mwaka gani, na ndugu zake wako wapi? Akishauliza hivyo tutakuwa tumekutana njiani.

Wa pili watasema: hayo ni matofali tu, kijana. Paka rangi, weka intaneti ya kasi, fanya kazi. Mkuu wa ofisi niliyofanyia mazoezi alikuwa wa kundi hili, na si mtu mbaya. Lakini ona kinzano lake. Kama ni matofali tu, kwa nini alikataa nilipopendekeza kibao kidogo mlangoni chenye sentensi moja ya kueleza chumba kilikuwa nini? Alinijibu kwamba wateja watakimbia. Matofali yasiyo na maana hayamkimbizi mteja. Alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba yana maana. Alichotaka ni kwamba maana hiyo ibaki ndani yetu kama hofu, isitoke nje kama maneno.

Wa tatu ndio wenye nguvu zaidi, na nawajibu kwa unyenyekevu. Wanasema: nchi hii imehangaika kujenga umoja, usichokonoe vidonda. Katika ofisi moja wapo wa kwao mama yangu na wa kwao kaka yake Mama. Ukiweka kibao, utawagombanisha. Lakini nchi hii haikuchagua kunyamaza. Ingechagua kunyamaza, Gacaca isingekaa kwenye nyasi ya kila kijiji. Kila tarehe 7 Aprili tusingesimama kukumbuka. Makanisa ya Nyamata na Ntarama na ile shule ya Murambi yasingehifadhiwa yalivyo. Na mfano ulio karibu zaidi na hoja yangu uko Kimihurura. Wabunge wetu wanafanya kazi katika jengo ambamo askari 600 wa RPF waliwekwa mwezi Desemba 1993 kufuatana na Mkataba wa Arusha, na ambalo lilishambuliwa vikali mwaka 1994. Alama za makombora ukutani ziliachwa. Mwaka 2017 likafunguliwa humohumo jumba la makumbusho la kampeni ya kukomesha mauaji ya kimbari. Watu wanatunga sheria katika jengo lenye makovu, na sijawahi kusikia mbunge akilalamika kwamba anasikia kikohozi. Kovu lililoelezwa halitishi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na ofisi inayoficha yaliyopita inazaa uvumi tu.

Majirani zetu nao wanatufundisha, kwa wema na kwa ubaya. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, Waingereza wakaigeuza gereza mwaka 1895, na ilibaki gereza hadi 1958. Ngome ya Lamu ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Zote mbili leo ni makumbusho. Watu wanaajiriwa humo, wanapiga mihuri, wanafagia, wanakula chakula cha mchana, na kazi yenyewe ni kueleza mahali walipo. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi: Mahakama yao ya Katiba huko Johannesburg ilijengwa juu ya eneo la gereza la zamani, na matofali ya sehemu ya gereza iliyobomolewa yakatumika kujengea mahakama. Jaji anayekaa pale hawezi kusahau kwamba sheria iliwahi kutumika kufungia watu wasio na hatia.

Kwa upande mwingine kuna Nyayo House ya Nairobi. Katika ghorofa zake Wakenya hushughulikia pasipoti zao. Chini yake vimo vyumba ambamo wapinzani wa serikali waliteswa katika miaka ya 1980. Waliopona wamedai kwa miaka mingi pageuzwe mahali pa kumbukumbu. Mtu anasimama kwenye foleni ya kwenda ng'ambo juu ya sakafu hiyo, na asipoambiwa na yeyote hatajua. Ninaiogopa Kigali ya namna hiyo.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na ninawaambia walimu wetu pamoja na wanafunzi wenzangu.

La kwanza: kila ofisi, stoo, duka au darasa lililowahi kuwa mahabusu liandikwe hivyo mlangoni. Maneno machache na miaka yake yanatosha. Mfanyakazi mpya aambiwe siku ya kwanza na mkuu wake, asiachiwe kuambiwa na mizaha ya chai.

La pili: kuhusu 1930. Kumezungumzwa habari za kujenga kanisa kuu katika eneo hilo. Msomi wa Kiswahili atatabasamu, kwa kuwa neno gereza litakuwa limerudi lilikotoka. Sina ugomvi na kanisa. Ninachodai ni kwamba chochote kitakachojengwa pale, lango na sehemu ya ukuta vibaki, na historia yake iandikwe yote: ya mkoloni aliyejenga, ya walioitwa ibyitso mwaka 1990, ya wauaji waliofungwa baada ya 1994, na ya waliokaa miaka wakisubiri kesi wakiwa hawana hatia. Ukiandika moja ukaacha nyingine, umepaka rangi.

La tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Kila mwaka tunaandika tasnifu juu ya methali na matumizi ya viambishi. Ni kazi nzuri. Lakini wako wazee mjini humu, walinzi, wanawake waliobeba sufuria, wafungwa waliomaliza vifungo vyao, manusura waliozunguka njia ndefu, ambao wanajua maneno yote ya makasho na maana zake. Wanazeeka. Mzee mlinzi wangu anakohoa zaidi kila mvua. Walimu wetu wakituruhusu, tutayakusanya masimulizi yao kwa Kinyarwanda na Kiswahili kabla hayajazikwa. Tusipofanya hivyo tusishangae watoto wetu wakirithi mizimu badala ya historia.

Wiki ya tisa mafundi walikuja kupaka rangi stoo. Nyuma ya kabati, juu ya lile tundu, palikuwa na mistari iliyokwaruzwa kwa msumari au kijiko, mitano mitano, ya mtu aliyekuwa akihesabu siku. Niliihesabu: ilikuwa 61. Sijui kama aliyeikwaruza alikuwa mwuaji au mtu aliyesingiziwa, na kwa mistari ile peke yake hakuna atakayejua. Niliomba pande ile iachwe. Nikaambiwa haitapendeza. Niliipiga picha kwa simu, kisha fundi akapitisha rangi nyeupe ya maziwa mara mbili. Tundu lilisahauliwa, kwa kuwa liko chini sana.

Siku yangu ya mwisho nilibaki humo makusudi hadi saa kumi na mbili na nusu, giza limeshaingia. Nilimaliza kuandika daftari langu, nikafunga jalada la mwisho. Kikohozi kikaja kutoka nyuma ya kabati, kirefu, cha kifua kibaya. Niliinama karibu na sakafu.

"Pole, mzee," nilisema.

"Asante, mwanangu," tundu likajibu. "Ukitoka, funga vizuri. Komeo liko nje."